Mwindaji na Binti Mduda: Nasaba ya Ukoo wa Muyinga na Mgeni Asiye na Jina

Msafiri anayetoka Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu, kama ni mtu wa kusoma vibao vya maduka, ataona kwamba majina ya wenye maduka yanaanza kufanana kadiri anavyosogea kusini-magharibi. Mwa- hii, Mwa- ile. Kwa Wanyakyusa kiambishi hicho kimeshikamana na jina hata Mswahili wa pwani hudhani ni sehemu ya jina lenyewe, ilhali kazi yake ni kusema tu kwamba mtu huyu ni wa nyumba ya fulani. Wahehe nao wanacho, na wamekwenda hatua moja zaidi: mwanamume ni Mwa-, na mwanamke ni Se-. Mwamuyinga ni mtu wa Muyinga. Dada yake ni Semuyinga. Sisi watu wa visiwani tuna bin na binti, tukidhani kwamba tumejitosheleza.

Nimeanza na vijisilabi hivi kwa sababu ndivyo vilivyonirudisha kwenye habari ya mbali kabisa, habari ya nchi ya Welisi katika karne ya 11 na ya 12. Huko Wawelisi walisema ap, yaani mwana wa. Na wageni wao Wanormani, waliovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066, walisema Fitz, neno lililotokana na lile la Kifaransa la mwana. Ap na Fitz zilipokutana katika nyumba moja, ulizaliwa ukoo ambao mpaka leo wataalamu wa nasaba hawajaacha kuuchambua. Nitaueleza kwa ufupi, kisha nitapanda nao milimani Uhehe, kwani nadhani unatusaidia kuisoma simulizi moja ya Iringa ambayo tumeisoma vibaya kwa muda mrefu.

Gerald wa Windsor alikuwa mlinzi wa ngome ya Pembroke, kusini-magharibi mwa Welisi. Baba yake, Walter fitz Other, anatajwa katika daftari kubwa la mashamba la mwaka 1086 akiwa mkuu wa ngome ya Windsor. Juu ya huyo Walter hapana uhakika mkubwa. Gerald akamwoa Nest, binti wa Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Deheubarth aliyeuawa mwaka 1093. Mgeni mwenye silaha, binti wa mfalme aliyekufa, na ngome mpya juu ya ardhi ya zamani: mambo matatu hayo yametosha kuzaa karne nzima za mashairi. Mwaka 1109 Nest alitekwa na Mwelisi mwenzake, Owain ap Cadwgan, na mambo ya nyakati ya Kiwelisi yanasimulia kwamba Gerald, shujaa wa Kinormani, alinusurika kwa kupenya tundu la choo. Si habari ambayo ukoo ungependa kuiweka juu ya kaburi la babu.

Wana na wajukuu wa Gerald na Nest waliivamia Ireland kuanzia mwaka 1169, wakawa mabwana wakubwa huko kwa jina la FitzGerald. Walipokwisha kuwa mabwana, babu mlinzi wa ngome hakuwatosha tena. Katika karne ya 15 walikwisha kuandikiana barua na Florence, Italia, wakijinasibisha na ukoo wa Gherardini wa mji huo, kwa kuwa Gerald na Gherardini zinasikika kama ndugu. Karne nne na zaidi zilipita kabla ya mchambuzi mkali wa Kiingereza, J. Horace Round, kuibomoa hadithi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 na kumrudisha Gerald alipostahili kuwapo: kwa baba yake Walter, Windsor. Mjukuu mwingine wa Nest, kwa upande wa mama, alikuwa Gerald wa Welisi, padri na mwandishi aliyeandika safari yake ya Welisi mwaka 1191. Huyu alilalamika maisha yake yote kwamba Wawelisi walimwona Mfaransa na Wafaransa walimwona Mwelisi. Uaskofu alioutamani wa Mtakatifu Daudi hakuupata.

Sasa twende Uhehe.

Simulizi ya asili ya ukoo wa Muyinga, ukoo uliomzaa Munyigumba na mwanawe Mkwawa, inajulikana na kila mtoto wa Iringa aliyekaa karibu na wazee. Alikuja mwindaji kutoka Usagara, ng'ambo ya Ruaha Mkuu. Akafika Ng'uluhe, nchi ya mtemi Mduda. Akawapa watu nyama, wakampenda. Akakutana na binti wa mtemi, Semduda, na binti akashika mimba. Mwindaji akaogopa ghadhabu ya mtemi, akaondoka. Lakini kabla ya kuondoka alimwachia binti majina, akisema akizaliwa mwanamume aitwe Muyinga Mufwimi, na akizaliwa mwanamke aitwe Mung'anzagala. Mwindaji hakurudi. Baadhi husema mnyama alimwua huko huko mwituni. Mtoto akazaliwa mwanamume, akalelewa na babu yake mzaa mama, na kwa njia hiyo utemi wa Mduda ukaingia katika mikono ya Muyinga na kizazi chake, hata ukafika kwa Kilonge, na kwa Munyigumba mwana wa Kilonge, ambaye katikati ya karne ya 19 aliziunganisha nchi ndogo ndogo za nyanda hizo kuwa Uhehe mmoja.

Hii ndiyo simulizi. Wengi wameisoma kama historia: mtu fulani alitoka mahali fulani. Tatizo la usomaji huo ni kwamba hauwezi kutulia. Usagara ni jirani mno, milima inayoonekana. Hakuna fahari ya kutoka kwa jirani. Basi babu amesukumwa. Yapo masimulizi, yenye kupendwa sana siku hizi, yanayomtoa Mufwimi Ethiopia, na kutoka Addis Ababa mpaka Iringa ni karibu kilomita 1,900 kwa mwendo wa ndege, sembuse kwa mwendo wa mwindaji. Mambo hayo ni ya Gherardini. Ukoo uliokwisha kuwa mkubwa umemwona babu yake mdogo, ukamtafutia nyumba kubwa zaidi.

Lakini kuna tofauti moja ambayo haitupi ruhusa ya kucheka. Wale FitzGerald walijibunia Florence wao wenyewe. Uhabeshi wa Mufwimi ulikuja katika zama ambazo Wazungu walikuwa tayari wanafundisha kwamba kila dola iliyoonekana katika Afrika ya Mashariki lazima ililetwa na wageni wenye damu ya kaskazini. C. G. Seligman aliliandika hilo bila haya katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu kabila za Afrika, nacho kilisomwa na maofisa wa koloni kama msahafu. Kwa hiyo anayesema leo kwamba Mkwawa ni Mhabeshi, akikusudia kumtukuza, anamnyang'anya bila kujua. Anasema kwamba watu wa Ng'uluhe na Rungemba wasingeweza kujenga wenyewe kitu kilichowashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku aliyokufa kamanda Emil von Zelewski. Nauchukulia usomaji huo kuwa dhuluma, hata unapotolewa kwa mapenzi.

Na wale wasomi wanaoitupa simulizi nzima kwa kuwa haina tarehe? Hao nao sikubaliani nao. Simulizi hii ni matini, na matini huhakikiwa kwanza kabla ya kuamuliwa kesi yake. Tuanze na majina.

Mufwimi kwa Kihehe maana yake ni mwindaji. Si jina, ni kazi. Semduda maana yake ni binti wa nyumba ya Mduda. Si jina, ni nasaba. Hivyo wahusika wakuu wawili wa simulizi, mwanamume na mwanamke wanaozaa ukoo wa kifalme, wote hawana majina. Tunaambiwa tu kwamba Mwindaji alikutana na Binti Mduda. Mtu wa kwanza mwenye jina lake mwenyewe ni mtoto, na jina lenyewe linatolewa kwa masharti, kabla hajazaliwa, pamoja na jina la dada ambaye hakuzaliwa kamwe. Ajabu ni kwamba simulizi imemhifadhi yule msichana asiyekuwapo kwa jina kamili, na mama aliyekuwapo imemsahau. Mtungaji wa utenzi angeliona hilo mara moja. Mwanahistoria hupita.

Kutokuwa na majina ni alama ya ngano, na hakumaanishi kwamba hapakuwa na watu. Kunamaanisha kwamba wasimulizi hawakujali hao watu walikuwa nani. Walijali walikuwa nini kwa wenzao. Alikuwapo mgeni, na alikuwapo binti wa mwenyeji. Walichokitaka wasimulizi ni uhusiano huo.

Tazama pia mgeni anafanya nini. Hapigi vita, wala hajengi, wala hatawali hata siku moja. Analeta nyama, anazaa, anakimbia. Ukilinganisha na Mbegha wa Usambara utaona tofauti kubwa. Mbegha naye ni mwindaji na mgeni. Ametoka Ungulu kwa kuwa ndugu zake walimhesabu kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, mwenye kuleta balaa. Naye huwapa Washambaa nyama. Lakini Mbegha anakaa, anapewa wake, anafanywa mfalme Vuga kwa ridhaa ya watu. Habari zake tumezipata kwa Kiswahili kizuri kuliko kingi kilichoandikwa baadaye, katika Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kitabu ambacho J. W. T. Allen alikihariri upya mwanzoni mwa miaka ya 1960. (Liajjemi, yaani Mwajemi: mwandishi wa nasaba ya mgeni amebeba katika jina lake nasaba ya kigeni. Hakuna aliyesalimika katika mchezo huu.) Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu dola ya Washambaa, alionyesha kwamba kisa cha Mbegha hakiwezi kusomwa kama safari ya mtu tu, kinasomwa kama maelezo ya namna mtu wa mwituni anavyogeuzwa kuwa mtu wa nyumbani, na nyama inavyobadilishwa kwa utii.

Mufwimi hakugeuzwa. Alibaki mwituni. Ndiyo kusema, simulizi ya Wahehe inafanya jambo ambalo ile ya Wakilindi haifanyi: inampokea mgeni katika damu na kumkataa katika utawala. Utawala unatoka kwa Mduda, unapita kwa bintiye, unamfikia mjukuu. Kwa watu wanaorithi kwa upande wa baba, kama walivyo Wahehe, jambo hili ni zito. Watoto wa kiume wa Mduda walikuwa wapi? Simulizi hupita hapo haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Nashuku kwamba hapo ndipo penye historia yenyewe. Ukoo mmoja uliuondoa mwingine, kwa nguvu au kwa hila, na ukatafuta njia ya kusema kwamba haukuondoa kitu. Njia iliyopatikana ni mama. Kwa upande wa baba sisi ni wapya, kwa upande wa mama sisi ndio wenyewe, na aliyetuleta hayupo wa kuulizwa.

Msomaji wa Unguja au Pemba ambaye hajasikia mlio wa nyumbani katika maneno hayo, nitashangaa. Kilwa tunayo matoleo kadhaa ya habari hii hii. Lile la Kiarabu, na lile alilolifupisha Mreno João de Barros katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, yanatuonyesha Ali bin al-Hasan mwana wa sultani wa Shiraz, akitoka na ndugu zake, na kukinunua kisiwa kwa nguo. Barros anaongeza kwamba mama wa Ali alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na ndugu zake wa mama wa Kiajemi walimdharau. Uhabeshi umejitokeza tena, safari hii kama aibu, wakati kule Uhehe umekuwa fahari. Lakini toleo la Kiswahili lililokusanywa Kilwa na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1907 ndilo linalonigusa zaidi. Humo mwenyeji ana jina, Mrimba. Mgeni anamwoa binti wa Mrimba. Nguo inazungushwa kisiwa. Mrimba anavuka kwenda bara. Na baada ya muda mjukuu anakwenda kwa babu yake mzaa mama, naye anampa utawala. Mgeni ana jina, babu ana jina, mjukuu ana jina. Binti ni binti tu.

Mrimba na Mduda ni mtu mmoja katika ngano mbili. Sisemi Kilwa iliwafundisha Wahehe wala Wahehe waliifundisha Kilwa. Nasema kwamba swali lililokuwa likijibiwa ni moja: mtu asiye wa hapa atatawalaje bila kuwa mnyang'anyi? Gerald wa Windsor alikuwa na swali hilo hilo mikononi, na jibu lake lilikuwa Nest.

Tofauti ni kwamba Nest tunamjua. Tunajua baba yake, mwaka alioporwa, hata wanaume wengine aliozaa nao. Kwa sababu gani? Kwa sababu wajukuu wake waliandika, na mmoja wao, yule padri mwenye manung'uniko, alihitaji damu ya Kiwelisi kwa ajili ya uaskofu wake. Jina la bibi lilikuwa na kazi. Semduda hakupata mjukuu mwenye kalamu. Kufikia wakati watu wa Uhehe walipoanza kuandikwa, walioandika walikuwa maofisa kama Ernst Nigmann, kapteni wa Kijerumani aliyetoa kitabu chake juu ya Wahehe mwaka 1908, na walichotaka kujua ni vita. Baadaye walikuja G. Gordon Brown na A. Bruce Hutt, mmoja mwanaanthropolojia na mwingine ofisa wa wilaya, na kitabu chao cha mwaka 1935. Hao walitaka kujua namna ya kutawala. Alison Redmayne, aliyefanya utafiti wake miaka ya 1960, ndiye aliyezichukua simulizi za wazee kwa uzito zinaostahili, na makala zake za mwaka 1968 bado ndizo pa kuanzia. Katika Kiswahili tunacho kitabu cha Michael Musso, Mukwava na Kabila Lake, cha mwaka huo huo wa 1968, na tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, ya mwaka 1979. Fasihi yetu, ikimgusa Mkwawa, huanzia Lugalo au karibu yake. Sielewi kwa nini hakuna mshairi aliyeanza Ng'uluhe, usiku ule mwindaji alipofunga mzigo.

Au aanze na Mwambambe. Huyu alikuwa mkwe wa Munyigumba. Munyigumba alipofariki, yapata mwaka 1879, mkwe alijaribu kuuchukua utawala, na kijana Mkwawa alilazimika kukimbilia Ugogo kabla ya kurudi na kumshinda. Mahali pa vita vya mwisho panaitwa Lundamatwe, palipolundikana vichwa. Mwambambe alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Mufwimi: alikuwa mtu wa nje ya nyumba ya mtemi, na alikuwa na binti wa mtemi. Alishindwa, basi akawa mhaini. Angalishinda, leo tungalikuwa tukisimuliwa kwamba mkwe mwema alipokea utawala kwa njia ya mkewe, na wazee wangalikuwa na jina la porini la kumpa. Mimi huisoma habari ya Lundamatwe kama ufafanuzi wa habari ya Ng'uluhe: ni kisa kile kile kabla hakijapakwa mafuta.

Mbeya wanatupa namna nyingine. Katika nchi ya Wanyakyusa, Rungwe, mapokeo aliyoyaandika Monica Wilson, katika Good Company cha mwaka 1951 na vitabu vilivyofuata, yanasema watawala walishuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto na ng'ombe, wakawakuta wenyeji wanaokula vibichi. Hapa mgeni ana kitu kikubwa kuliko nyama. Ana moto wenyewe. Hadithi imesimuliwa upande wa mtawala bila aibu. Hata hivyo raia hawakunyamaza: mafumu, wakuu wa vijiji, walikuwa na nguvu yao, ile pumzi ya watu inayoweza kumpoza au kumchoma mtawala, na hakuna mfalme aliyethubutu kuidharau. S. R. Charsley, mwaka 1969, aliyachunguza upya madai hayo na kuonyesha kwamba ukale wa watawala hao ulikuwa umekuzwa mno. Nakubaliana naye kwa hesabu za vizazi. Lakini Wilson aliona jambo ambalo hesabu haigusi, kwamba simulizi ya moto ilikuwa ikitendwa katika ibada, kwa kuzimwa moto na kuwashwa upya, na kitu kinachotendwa kina ukweli wa aina yake.

Wasangu ninawapita kwa haraka, ingawa nyumba ya Merere ilikuwa kubwa kabla ya Uhehe kuwa kitu. Wahehe walichukua kwao vyeo na mbinu za vita, kisha wakawafukuza Utengule ya Usangu hata Merere akajijengea Utengule nyingine Usafwa, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Dola iliyoazima panga kwa jirani na kumpiga nalo haihitaji Ethiopia.

Kwa nini basi mambo haya yawe na uzito? Kwa sababu mwaka 1926 nasaba ziligeuka sheria. Gavana Donald Cameron aliposimika utawala wa kupitia watemi, ofisa wa wilaya alihitaji kujua mtemi halali ni nani, na alimjua kwa kuuliza babu zake. Ngano iliyokuwa ikisimuliwa jioni, yenye matoleo mengi, ikaandikwa katika daftari la wilaya ikiwa na toleo moja. Aliyekuwa na babu mzuri alipata mshahara. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1963, lakini daftari lilikwisha kufanya kazi yake. Toleo moja ndilo lililorudi vijijini likiwa limevaa suruali.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa hilo. Jina la Shirazi tumelipigia kura, tumelihesabu katika sensa, tumelitia katika jina la chama mwaka 1957, na kuna watu waliolilipia kwa damu. Kwa muda mrefu wasomi waliokuja walituambia Ushirazi ni ndoto. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilichimbuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zilikuwapo zenye jina la Ali bin al-Hasan, za zamani kuliko Neville Chittick alivyokuwa amekadiria. Na Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi waliopimwa, asili ya upande wa kiume ilielekea Asia, hasa Uajemi; asili ya upande wa kike ilikuwa ya Kiafrika karibu yote; na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Magazeti yalishangilia kwamba hadithi ya Kilwa imethibitishwa. Ilithibitishwa nusu. Nusu nyingine, ambayo vichwa vya habari viliipita, ni kwamba binti wa Mrimba alikuwapo, tena mara nyingi, katika kila mji, na kwamba zaidi ya nusu ya kilichobebwa na watu hao kilikuwa chake.

Uhehe haujapimwa hivyo, na sitamani upimwe kwa ajili ya kumtafuta Mhabeshi. Ulipimwa kwa namna nyingine.

Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, asishikwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, mataifa makubwa ya dunia yaliiamuru Ujerumani irudishe vitu viwili: msahafu wa Khalifa Uthmani uliotoka Madina, na fuvu la Sultani Mkwawa. Sultani! Mjukuu wa Mwindaji alikuwa amepata cheo cha pwani, na mwenzake katika kifungu alikuwa Khalifa. Ujerumani haikurudisha fuvu. Ilichukua miaka zaidi ya 30 hata Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako alikuta mafuvu mengi, na mengi kati yake hayakuwa na jina. Alichofanya ni nasaba iliyogeuzwa kichwa chini. Vichwa vya baadhi ya jamaa wa Mkwawa walio hai vilikuwa vimepimwa, upana kwa urefu, na kipimo hicho kikatumika kuchagua fuvu lililokaribiana nacho, lenye tundu la risasi. Wajukuu walipimwa ili babu apatikane. Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye angekuwa Spika wa Bunge la Tanganyika na la Tanzania.

Wapo wanahistoria, na mwaka 2020 walitoa utafiti mrefu kuhusu jambo hilo, wanaotilia shaka kwamba fuvu la Kalenga ni lake. Limo katika sanduku la kioo, na wageni huonyeshwa. Anayeinama kulitazama ataambiwa habari za Lugalo, za Kalenga iliyoanguka mwaka 1894, za bunduki na za Mlambalasi. Akitaka ya Ng'uluhe hana budi kuuliza, na akiuliza ataanziwa na Mwindaji. Kipimo cha Twining, cha upana kwa urefu, hakikuweza kusema ni kiasi gani cha umbo lile kilitoka kwa mtu wa Usagara na ni kiasi gani kilitoka kwa mwanamke ambaye jina lake hakuna aliyelitunza.